Mama, Ukurasa wa Saba Nimeusoma

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitika, lakini sijawahi kukuanza neno bila kukuamkia, na utovu huo wa adabu sitauanza leo eti kwa sababu umelala chini ya mchanga. Huku Rahaleo hatujambo. Somo yako, binti yangu Somoe, ameng'oka meno mawili ya mbele, na kila akicheka anaziba mdomo kwa kiganja kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Cherehani bado inakata uzi. Kuku wako mweupe yule mkorofi ametotoa, na hata mimi ninayemlisha ananidonoa.

Nimeanza na kuku na cherehani kwa sababu naogopa lililonileta. Hukumu ya rufaa yako imesomwa Jumanne.

Ndiyo, Mama, ile ya shamba la mikorosho la njia ya Kilambo. Pori lake ulilifyeka na Baba mkiwa vijana, ukalipalilia mpaka mgongo ukapinda, kisha Baba akaoa mke mdogo, akakupa talaka, na Mahakama ya Mwanzo ikasema katika shamba lile huna hata mti mmoja. Ulikata rufaa, na umeondoka ukiisubiri. Nitakwambia ilivyokwenda. Lakini kwanza nikwambie niliyoyafanya mimi, maana nisipoyatapika haya, hayo mengine hayatapita kooni.

Unaikumbuka siku ile ya kutoa ushahidi? Mimi nilikuwa shahidi wako, kwa hiyo karani alinitoa nje. Shahidi hasikilizi wenzake wakisema, ndiyo sheria yao. Nikakaa chini ya dirisha lililofungwa, nasikia sauti tu bila maneno. Ukasema wewe muda mrefu, akasema Baba muda mfupi, nikaitwa mimi nikasema kwamba mama yangu amelima shamba lile tangu sijazaliwa. Tukarudi nyumbani tukala ming'oko. Ulikuwa umeichimba mwenyewe kule porini wiki ile, ukaichemsha na chumvi, ukaniambia nile nishibe kwani nimekonda kwa kesi isiyo yangu.

Siku ya hukumu hakimu akasoma kwamba mdai mwenyewe amekiri. Nikashtuka. Amekiri nini? Akasoma: "Shamba ni la mume wangu. Mimi namsaidia tu."

Loo, Mama, nilivyokugeukia! Hata nje hatukufika. Pale pale mlangoni, watu wanapita, nikakwambia, "Mama, kwa nini ulisema hivyo? Umejichimbia kaburi kwa mdomo wako!" Neno kaburi nililitamka mimi, na Mungu alinisikia. Wewe ukanitazama. Ukajitanda kanga vizuri, ukasema, "Twende, jua kali." Basi. Na mimi nikanuna siku tatu, mtu mzima na mtoto juu. Nikifikiria kununa kule natamani ardhi inimeze.

Rufaa tuliiwahi. Msaidizi wa kisheria, yule dada Rehema mwenye ofisi ya chumba kimoja karibu na stendi, ndiye aliyetuandikia sababu za rufaa. Wewe ulimpenda kwa kuwa aliamka kukupisha kiti. Siku niliyokwenda naye masijala kupeleka makaratasi, wewe ulikuwa na presha umelala, tulikaa kwenye benchi tukisubiri karani arudi kutoka kuswali. Kulikuwa na mama mmoja ambaye mwanawe amefungwa kwa kuvunja duka. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Kihindi wa Mikindani, mzee mpole na tasbihi yake mkononi, mwenye kesi na mpangaji juu ya stoo aliyoachiwa na baba yake. Mama yule akawa anasema atamleta jirani aje aape kwamba mwanawe siku ile alikuwa kwake. Rehema akamwambia kwa upole, "Mama, rufaa haisikilizi. Rufaa inasoma."

Akatueleza pale pale, sote watatu. Kwamba kule juu hawaanzi upya. Wanachukua yale yaliyoandikwa na mahakama ya kwanza wakayasoma, na wewe unasimama kuwaonyesha tu mwenzao alikosea wapi. Kwa yule mwana aliyefungwa wataangalia kama ushahidi ulibana kila upande, maana kwenye jinai penye shaka anafaidika mshtakiwa. Kwa stoo ya mzee wa Mikindani hawatafuti kubana hivyo, wanapima tu wa nani umelala zaidi kwenye mizani. Kwa mambo ya ndoa ni mizani hiyo hiyo, isipokuwa kama kuna watoto wadogo, hapo hutazama kwanza mtoto atafaidika wapi. Lakini wote, wa jela na wa stoo na wa talaka, wanasomwa. Ushahidi mpya ni kwa nadra sana, na kwa sababu nzito. Yule mama akalia. Mzee wa Mikindani akampa leso yake.

Mimi sikulia. Nilikuwa nakufikiria wewe.

Maana wewe nyumbani ulikuwa unajiandaa, Mama. Kila asubuhi unachambua kisamvu huku unasema peke yako, nami nakusikia kutoka kwenye cherehani: "Mheshimiwa, mikorosho ile nimeipanda mimi kwa mkono wangu." Unanyamaza. Unarudia tena, mara hii unaanza na Bismillahi. Ukaniuliza, "Zuhura, nianze na Mheshimiwa au nianze na jina la Mungu?" Nikacheka, nikakwambia anza na vyote. Ukasema, "Safari hii nitasema, mwanangu. Safari hii sitaona haya."

Nilikuwa nimeshajua kwamba hakuna safari hii. Nilikuwa nimetoka kwenye benchi lile wiki iliyotangulia. Nikashindwa kukwambia. Nilisema moyoni nitamwambia Ijumaa, Ijumaa ikapita. Nikasema akipata nafuu. Ukaendelea kujifunza maneno yako, mpaka ukayanyoosha yakawa mazuri kuliko ya wakili, na hakuna mtu aliyekuwa anayangoja. Jumapili ile presha ikapanda, na hospitali hukutoka. Umekufa ukijua utasimama useme. Hilo la kwanza, Mama. Nisamehe kama unaweza.

La pili ni baya zaidi.

Arobaini yako ilipopita, Mjomba Issa aliita kikao cha ukoo. Unamjua kaka yako, hakuna aliyekohoa mpaka amemaliza. Akasema kesi ya dada yake haifi kwa sababu dada amekufa, na mimi ndiye nitakuwa msimamizi wa mirathi. Wengine walitaka mwanamume. Mjomba akasema, "Aliyekaa naye ndiye atakayemsemea." Nikaenda mahakamani na muhtasari wa kikao, nikapewa usimamizi, jina langu likawekwa kwenye rufaa mahali pa jina lako. Kuona jina lako limekatwa kwa kalamu, Mama, ilikuwa kama kukuzika mara ya pili.

Ndipo Rehema akanipa nakala ya mwenendo wa shauri nikaisome nyumbani. Ndiyo makaratasi yenye kila kilichosemwa siku ile, yamechapwa, kurasa kumi na moja. Nikaketi kwenye jamvi lako. Ukurasa wa nne nikaikuta ile sentensi. Shamba ni la mume wangu. Mimi namsaidia tu. Nikaisoma tena na tena, na ghafla nikaisikia kwa sauti. Lakini haikuwa sauti yako. Ilikuwa yangu.

Asubuhi ile barazani kwa mahakama. Baba amekaa upande wa pili na kofia yake nyeupe, uso ameuinamisha. Kijiji kizima kimekuja kutazama. Mimi nikaona haya. Si kwa ajili yako, kwa ajili yake, maana ni Baba. Nikainama sikioni kwako nikakwambia: "Mama, nakuomba, usimtie Baba aibu mbele za watu. Jibu kwa adabu, kama ulivyotufunda." Ukanitikia kwa kichwa. Karani akaita jina lako.

Ni mimi. Mimi na mdomo wangu huu ambao ulikuwa ukiuita pilipili. Nilikukumbusha ya unyagoni, aliyotufunda kungwi, kwamba mwanamke aliyefundwa hahesabu vyake mbele ya watu, cha nyumbani ni cha mume hata kama jasho ni lako. Sisi wa huku tunajua maana yake. Mwanamke akiulizwa shamba la nani na akajibu "langu" mumewe yupo, watu watasema hana malezi. Akijibu "la mume wangu, namsaidia tu," watu wanatabasamu, wanajua nani anayeshika jembe. Kila mtu anajua, isipokuwa karatasi. Karatasi iliandika ulivyosema, ikaishia hapo.

Halafu nikakugeukia mlangoni kukuuliza kwa nini ulisema. Na wewe hukunikumbusha! Neno moja tu, Mama: "Si wewe uliyeniambia?" Lingekuwa halali yako. Ungeniumbua mbele ya watu wote wale, na mimi ningestahili. Ukasema jua kali. Miezi yote ile tuliishi chumba kimoja, ukanipikia, ukamlea mwanangu, hukunikumbusha hata kwa utani. Mama, uliwezaje?

Nililia mpaka Somoe akaja kusimama mlangoni. Akauliza bibi amefanya nini tena. Hakusema amekufa, alisema amefanya nini tena, kama vile uko jikoni.

Sikuendelea kusoma. Niliyafunga makaratasi nikayarudisha kwa Rehema kesho yake, nikamwambia natafuta njia ya kuufuta ule ukurasa wa nne. Akasema njia ipo. Kumbe ameona kasoro: wale wazee wa baraza wawili waliokaa na hakimu kule mwanzo, mmoja wao hakutia saini kwenye hukumu. Tukilishikilia hilo, mahakama ya juu inaweza kuyafuta yote yaliyofanyika na kuagiza kesi isikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine. Yote yafutwe! Niliruka kwenye kiti, wallahi. Sentensi ile itakufa. Nitasimama mimi, nitasema shamba ni la Mama, na safari hii hakuna mtu wa kuninong'oneza.

Rehema akaniacha nifurahi. Kisha akaniuliza, "Na mama, nani atamsemea aliyoyasema?" Nikamwambia mimi. Akasema, "Wewe ulizaliwa mikorosho imeshapandwa. Utasema uliyoyaona, si aliyoyafanya." Akanirudishia makaratasi. "Umesoma mpaka mwisho?" Nikasema nilifika wa nne. Akasema, "Soma wa saba."

Ukurasa wa saba, Mama. Hukuniambia kwamba yule mzee wa baraza wa kushoto alikuuliza swali. Lazima alikuwa mkulima mwenyewe, maana hakimu aliuliza shamba la nani, lakini yeye aliuliza mlipandaje. Na wewe ukasahau haya. Nimeyakariri maneno yako, acha nikusomee mwenyewe uyasikie:

"Ni mistari kumi kutoka kwenye mfereji. Mti kwa mti hatua kumi na tano, nilipima kwa miguu yangu. Mstari wa tatu mchwa waliula, nikarudishia mwaka wa pili. Mstari wa sita nilibebesha vikonyo vya mbegu mpya nilivyopewa kituo cha utafiti cha Naliendele tulipokwenda na kikundi cha akina mama, maana mbegu ya zamani ilikuwa haizai. Mti wa mwisho wa mstari wa sita umeinama. Niliupanda nikiwa na mimba ya Zuhura ya miezi minane, sikuweza kuinama nikachimba vizuri."

Chini yake kuna swali hilo hilo kwa Baba, na jibu lake: "Mistari siikumbuki. Mambo ya shamba anayajua mama Zuhura."

Nilikaa nayo karatasi ile mapajani, sauti yako yote imo. Mti nilioupanda juu miaka yote, niliovunjia jino, ambao watoto wenzangu waliuita mvivu kwa sababu umelala, kumbe umelala kwa ajili yangu. Hukuwahi kuniambia. Umemwambia mzee usiyemjua kwa sababu aliuliza vizuri.

Basi ndiyo ikawa shida yangu, Mama, na hakukuwa na wa kumuuliza. Nikishikilia ile saini, ukurasa wa nne unakufa na aibu yangu inakufa nao. Lakini na wa saba unakufa. Kila ulichosema mbele ya sheria kinafutwa, na wewe hupo wa kukisema tena. Nikiliacha, wa saba unabaki, na wa nne unabaki, na hakimu anaweza kuusoma wa nne akaishia hapo kama yule wa kwanza. Mjomba akasema nifuate moyo. Moyo gani sasa? Moyo wangu ndio uliotuponza.

Nikamwambia Rehema tuiache saini. Akanionya kwamba hakimu anaweza kuliona mwenyewe hata tusipolisema. Na kweli, siku ya kusikilizwa, hakimu wa Wilaya, mama mmoja wa makamo mwenye miwani na sauti ndogo, akafunua faili akasema ameona kasoro ya saini. Akauliza pande zote mbili zinasemaje, shauri lirudi likaanze upya au aendelee na yaliyomo. Mimi nikasimama nikasema aendelee.

Akaulizwa Baba. Amezeeka, Mama, sitakuficha. Kanzu imekuwa pana. Alisimama akashika ukingo wa meza. Kisha akasema, "Maneno ya mama Zuhura yabaki kama alivyoyasema."

Nimelala na sentensi hiyo na kuamka nayo. Maana yake siijui. Huenda alifikiria ukurasa wa nne unamfaa, akataka ubaki. Huenda alikuwa amechoka. Na huenda, Mama, alikuwa anajua wa saba una nini, akaona aibu kukufuta. Alikuita mama Zuhura, hakusema mtalaka wangu. Wewe ungejua kwa kumtazama shingo tu. Mimi sijui, na kumuuliza siwezi.

Sasa hukumu. Jumanne hakimu alianza kwa kusema rufaa ya kwanza haina ruhusa ya kuokota sentensi moja, lazima ipitie ushahidi wote upya. Akasoma wa nne kwa sauti. Akageuza karatasi. Akasoma wa saba, wote, mpaka mti ulioinama. Akasema mahakama ya kwanza ilisoma jibu moja ikayaacha mengine. Akasema jibu la mke mwenye staha mbele ya mumewe halifuti kazi ya mikono yake, na kwamba hata huko "kusaidia" ni kuchangia. Kasoro ya saini akasema haikumdhulumu mtu. Shamba akaligawa nusu kwa nusu. Mistari mitano ya upande wa mfereji ni ya Baba. Mitano ya barabara ni yako, kuanzia wa sita.

Nilitaka nipige kigelegele. Hakikutoka. Nilimwona Baba anaokota kofia yake sakafuni, mkono haufiki vizuri, na mke mdogo hakuja. Nikaenda nikamwokotea. Hakusema asante, aliuliza tu Somoe anakula vizuri. Siku zake za kwenda Mahakama Kuu hazijaisha, Mama, na watu wa kijijini wanamchochea. Rehema anasema akienda kule watabishania sheria zaidi kuliko nani alipanda nini. Kwa hiyo usinipongeze bado. Ninalala vibaya, na nikimwona mtu wa kwetu anakuja barabarani najua ana habari, na sijui nitamani habari gani.

Jana nilikwenda shambani na Somoe, kuitazama mistari yako kabla mambo hayajageuka. Nyasi zimepanda, hakuna aliyepalilia tangu ulipoondoka. Nikamwonyesha mti wetu uliolala, akaupanda bila kuvua viatu. Nikahesabu hatua mti kwa mti. Kwangu zilitoka kumi na tatu, miguu yangu mirefu kuliko yako. Nikawa nahesabu naona kisigino chako kilichopasuka kinatangulia mbele yangu.

Akapita mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani, si wa kijiji chetu, labda wa huko Kilambo. Akasalimia, akasimama apumzike shingo. Akasema mikorosho mizuri ila imetupwa. Akaniuliza, "Shamba la nani hili?"

Mama, nikajibu, "La baba yangu."

Lilitoka lenyewe. Baada ya mahakama mbili, baada ya kurasa kumi na moja, baada ya kukuzika! Ulimi ulijiendea kwa adabu zake. Yule mama akasema haya, akaondoka. Somoe akiwa juu ya mti akaniuliza, "Kwani si la bibi?"

Nikafunga kanga kiunoni nikakimbia. Mie na mwili huu, Mama, ungecheka ukaziba mdomo. Nilimkuta karibu na daraja dogo, nahema siwezi kusema. Akadhani nimeibiwa. Nikamwambia, "Dada, nimekujibu vibaya. Shamba lile ni la mama yangu. Kapanda yeye, mti kwa mti. Anaitwa Somoe." Akanitazama kwa chini ya mzigo wake, akasema, "Haya, nimesikia," akaenda zake.

Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyeambiwa. Niliporudi nilimkuta somo yako ameshuka, anasubiri. Nikamketisha kwenye shina, nikamwambia adabu zote ulizonifunda ashike, amwamkie kila mtu, asimjibu babu yake vibaya hata siku moja. Lakini akiulizwa kitu alichokifanya kwa mkono wake, aseme ni changu, awepo nani asiwepo nani. Nikamwambia aseme nisikie. Akasema kwa sauti ndogo, ameziba mdomo. Nikamtoa kiganja mdomoni. Akasema tena.

Nakuaga, Mama. Mwenyezi Mungu akurehemu, akupanulie kaburi lako. Baba akienda Mahakama Kuu nitakwenda, na nitamwamkia kwanza kabla sijasimama kumpinga. Jumamosi naanza palizi, mstari wa sita kwanza. Maneno yale uliyokuwa ukijifunza kwenye kisamvu nimeyashika yote, Bismillahi ikiwa mbele. Yeyote atakayeniuliza shamba la nani, sitamkimbilia tena barabarani. Atajibiwa akiwa amesimama pale pale.

Mwanao,
Zuhura